Picha Niliyosema Ipo Tunduma

Studio, karibu na mpaka,
Tunduma.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na Tabitha, basi na wewe mdogo wangu nakusalimu. Soma polepole, usiruke mahali, hata ukiona aibu kwa niaba yangu. Mama, miguu inaendeleaje? Lile joto la Kamsamba limepungua, au bado mnatoa mikeka nje? Mimi huku mwili ni mzima na chakula kinashuka, ila moyo hauko sawa, na sababu yake utaisikia.

Kazi ni ileile. Tangu asubuhi niko nyuma ya kamera napiga picha za pasi: madereva wa malori, akina mama wanaovuka na vitenge, Wazambia wanaoingia na salamu yao ya "mulishani" kisha wakikaa kwenye kiti wanakakamaa. Nawaambia inua kidevu, usicheke, tayari. Watu nisiowajua hata majina, na sura zao zote ninazo, maboksi yamejaa mpaka chini ya kitanda.

Na mawingu yangu unayajua. Hapa mtaani naitwa Mpiga Mawingu. Bosi wangu hunicheka, "Enosi, wingu halina mteja." Ni kweli, lakini ugonjwa huu niliutoa nyumbani. Baba ndiye aliyenifundisha kutazama juu kabla hatujapanda mpunga. Yeye alikuwa anatafuta mvua, mimi nikabaki na mawingu yenyewe. Ninayo yaliyojipanga kama magamba ya samaki, ninayo yanayoning'inia kama matiti ya mbuzi, na fedha yangu ya mikanda ya kamera inaishia huko.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Siku ile nilipofika msibani nilikuwa nimechelewa, mto ulijaa na gari letu lililala ng'ambo siku mbili, nikakuta Baba ameshazikwa. Ulinishika mkono ukaniambia, "Picha ya kwenye kadi yake imeliwa na mchwa. Wewe mpiga picha huwezi kukosa ya baba yako. Tutaiweka mezani siku ya kuanua matanga." Wazee wote walikuwa wananitazama. Nikajibu, "Ipo Mama, ipo Tunduma."

Haipo. Nilikudanganya mbele ya kaburi bichi. Tabitha ameniandikia mara mbili kuiulizia, na mara zote mbili nimemjibu habari za bei ya mchele.

Unakumbuka nilipokuja likizo kabla ya mvua. Alasiri moja wingu lilisimama juu ya milima ya upande wa Mbozi, jeupe, limetulia, kama sahani zilizopangwa juu ya sahani. Tangu nizaliwe sijaona kama lile. Kwenye kamera zilikuwa zimebaki picha tatu tu. Nikakimbilia uani, nikamkuta Baba ametoka ndani na koti lake la kanisani, amelifunga vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile, kigoda mkononi. Akasema, "Enosi, leo na mimi nipige." Nikamwambia, "Subiri Baba, hili litapotea sasa hivi. Wewe upo."

Hakukasirika. Alisema, "Haya, kweli mimi nipo," akaweka kigoda chini, akaja kusimama pembeni yangu kunionyesha mahali wingu lilipoanza kukatika. Nilikuwa nabonyeza, mkono wake ukaingia mbele ya lenzi. Nikamfokea, "Toa mkono, Baba, unaniharibia." Akautoa. Nilipomaliza mkanda nikageuka, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, ananingoja. Nikamwambia mkanda umekwisha, nitampiga nikirudi. Wewe ulikuwa jikoni, hukusikia. Alifungua vifungo kimoja kimoja akaingia ndani.

Mama, nisamehe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe, macho makavu. Siku hizi akija mteja mzee amefunga koti mpaka shingoni, namwomba bosi anipokee kamera, natoka nje. Yeye anadhani ni kifua.

Wiki iliyopita nilizipekua picha zote za likizo ile. Mbili ni wingu tupu. Ya tatu niliitupa chini ya boksi siku ile ile iliyotoka kusafishwa, kwa sababu niliiona imeharibika. Hiyo ndiyo iliyomo ndani ya bahasha hii. Kuna mkono wa Baba, umeanzia kwenye mkono wa koti, na kile kidole chake kilichopinda tangu kilipobanwa na plau, ambacho tulikuwa tunamtania kwamba akikuelekeza njia lazima upotee. Hata kifungo ulichomshonea kwa uzi mwekundu kinaonekana. Sura haipo, Mama. Nimetafuta.

Watu wakiuliza siku ya matanga, waambie ukweli, kwamba mwanawe alimwambia asubiri. Nguo zikigawiwa, najua koti lile ni haki yangu mimi mtoto wa kwanza, lakini mpeni Baba Mdogo. Mimi siliwezi. Nitakuja mwenyewe siku hiyo. Nimeona tu barua itangulie, ili kama ni kunikasirikia unikasirikie kwanza, ndipo tuonane.

Nisalimie Baba Mdogo na mkewe. Nisalimie Shangazi, mwambie dawa yake ya macho nimeipata, nakuja nayo. Msalimie na mwinjilisti aliyemzika Baba, sikupata hata nafasi ya kumshukuru. Tabitha, mshike Mama mkono ukimaliza kusoma.

Picha hii niliipeleka Mbeya ikakuzwe, itoshe fremu ya mezani. Fundi wa kule alikuwa mtu mwema, akataka kunisaidia. Akaniambia, "Ndugu, mkono huu umekuharibia, niukate libaki wingu safi." Nikamwambia akate wingu, mkono aubakize.

Mwanao,
Enosi