Mama mkwe hatetemeki mikono

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla ya Jumapili, maana mimi ni mtu wa kucheka na watu, natengeneza sabuni za vipande nazitembeza nyumba kwa nyumba, mtaani wananiita Mzee wa Povu, lakini safari hii utani umenitokea puani.

Tunaishi kwa mama mkwe, mimi, mke wangu na watoto wawili, alitupokea mambo yalipokwenda kombo na hajawahi kutusimanga hata siku moja. Yeye anaoka keki, ana oveni yake jikoni na wateja wake wa miaka, na sharti lake kwangu lilikuwa moja tu, kostiki, ile kemikali ya sabuni inayounguza ngozi, ifanyiwe uani. Mke wangu akaongeza la kwake, kwamba siku kostiki ikiingia ndani, mimi nitoke. Sasa Jumanne ya wiki iliyopita mvua inanyesha, ndoo yangu ya plastiki imepasuka, oda ipo, mke hayupo, nikasema dakika tano tu nani ataniona, nikachukua sufuria ya alumini ya mama, nikatia maji humo humo jikoni, nikamimina kostiki. Shangazi, ilichemka bila moto. Ikafura kama maziwa, mvuke unanipalia, nami badala ya kuiacha nikaishika kwa tambara nikatimua nayo kwenda uani, na mama mkwe naye ndio anaingia. Tukagongana mlangoni, yote ikamwagikia mguu wake.

Alikwenda bombani mwenyewe, mimi nimesimama kama nguzo, na maji yanatiririka mguuni akaniambia polepole, "Baba, sema ni maji ya chai, nimejimwagia mwenyewe. Mkeo akijua atakufukuza, na wajukuu zangu watakaa bila baba."

Nikasema hivyo, na hospitali naye akasema hivyo. Jioni wanawe wakaja, shemeji yangu mkubwa akaanza kuuliza, mama siku hizi vipi, mbona anamwaga vitu, na mimi nikaona wamenuna, mdomo huu ukashindwa kutulia, nikainuka nikaigiza mama anavyobeba kikombe, nikambatiza Mama Tetemeko. Wakacheka mpaka machozi, mama naye akacheka. Kesho yake jina lilikuwa limefika dukani kabla yangu. Mteja wa keki ya harusi ametuma ujumbe kwamba amepata mtu mwingine, na shemeji ameamua Jumapili anakuja na gari, oveni iuzwe, mama ahamie kwake akae tu apumzike, asiguse jiko tena.

Jana mchana nilimkuta jikoni peke yake, amenyoosha mikono mbele yake anaitazama. Ilikuwa imetulia kabisa. Akaniuliza, "Baba, hebu niangalizie, inatetemeka?" Na mimi niliyeiambia dunia nzima kwamba inatetemeka nikasema naenda dukani mara moja, nikatoka mikono mitupu nikarudi mikono mitupu.

Nikisema ukweli nafukuzwa, na mama ataonekana mwongo mbele ya wanawe. Nikinyamaza anaondolewa kwake. Sufuria yenyewe imetoboka, nimeificha chini ya kitanda, na kila nikilala naiona. Nifanyeje?

Mzee wa Povu

*

Mzee wa Povu, kuna mahali nilicheka, kisha nikaona haya, kwa hiyo tuko wawili. Pole kwa hofu yako. Pole kubwa ni ya mama, aliyekusitiri kwa mguu wake, nawe ukamlipa kwa kumwonyesha kwa watu kama kichekesho. Sasa ameanza kukuamini wewe kuliko mikono yake. Hilo ndilo baya kuliko kidonda.

Leo, sio Jumapili, mwambie mkeo. Akikutoa, toka, kalale kwa rafiki, urudi ukiitwa. Lakini kabla hujafunga mzigo mrudishe mama hospitali, useme wewe mwenyewe kwamba ni kostiki, maana kostiki huchimba chini kimyakimya, na daktari anayedhani ni maji ya chai atakitazama kidonda juujuu.

Na ukirudi kwenye sabuni, mvua ikinyesha hakuna kazi. Tumia ndoo nzito ya plastiki, sio chupa wala jagi la kioo, na alumini ndio usiiguse, kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Maji yatangulie, kostiki ifuate kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu yake. Ndoo ikae sakafuni ndani ya beseni kubwa, na ibaki palepale mpaka ipoe. Ikifura, toa watu, fungua milango, usiibebe. Vaa glavu, miwani na viatu vya kufunika. Ikimgusa mtu, nguo zivuliwe, maji yatiririke dakika ishirini, kisha hospitali. Siki na ndimu viache jikoni, usivipake kwenye kidonda.

Unaogopa mama ataitwa mwongo. Wanawe wakisikia alidanganya ili wajukuu wasikose baba, watakaonuna watakununia wewe, na ni haki yako. Jumapili simama mbele ya walewale uliowachekesha, kabla oveni haijaguswa, na usianze na kichekesho. Sema, "Ni mimi niliyemmwagia kostiki. Mama hana tetemeko lolote." Halafu nyamaza. Wakifoka, waache wafoke. Na mama akitaka kukutetea, mzuie.