Kiti cha Mwenye Ndege

Mbinga,
9 Februari 1998

Dada yangu Mwanabibi,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako na nyumba yako yote hapo Liuli. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia kabla ya mfungo umeitumia, au umewagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima. Mvua hii haitaki kukoma, chumvi imekuwa maji kwenye kopo, na Rukaiya ana kikohozi ambacho nadhani amekipata kwa kunisema mchana kutwa. Anakusalimu sana. Anasema wifi yake asipokuja na dagaa wa usipa wa kutosha, atamrudisha ziwani kwa miguu.

Kapteni Kilian, rubani wangu, alipokuja huko kuleta dawa za hospitali alirudi na maagizo yako yote. Umesema barabara ya kuja Mbinga sasa ni mto, na hutalala tena juu ya magunia ya muhogo kwenye lori lililozama. Umesema arusi ya Saida utakuja kwa ndege ya mdogo wako, ila hutii mguu ndani mpaka nije mwenyewe kukuchukua, nikae kando yako na kukushika mkono, maana unaogopa. Na kumbe umeshawatangazia watu wa Liuli nzima kwamba Alhamisi watamwona Masoudi akishuka kutoka mawinguni! Huku nako Saida anasema bila shangazi yake haolewi, sheikh arudi kwake akalale. Ukaidi huo karithi kwa mtu, sisemi nani.

Sasa Dada, kabla ya Alhamisi kuna jambo lazima ulijue. Kaa chini, usome mwenyewe, usimpe mjukuu akusomee.

Habari za ndege umezisikia, lakini umesikia nusu. Mwaka jana bei ya kahawa ilipanda hadi watu wakadhani redio imekosea. Tangu serikali ituruhusu watu binafsi kununua, mimi nilikuwa nimepata, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo, siwezi kukuficha. Nikasema nanunua ndege. Rukaiya akauliza nimerogwa na nani. Mzee Hyasinti, yule mkulima mkubwa wa kijiji cha Ruanda, akatia fungu lake kwa sharti kwamba arushwe juu ya shamba lake aone ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mlimani, zinavyoonekana kwa macho ya malaika. Fedha iliyobaki ilitoka benki. Waliandika rehani nyumba, duka na ghala la kahawa, na nadhani Rukaiya angekuwa amesimama karibu na mlango wangemwandika na yeye. Tukapata ndege nzuri ya kisasa, injini moja, viti sita, nyeupe yenye mstari wa kijani. Petroli yake haiuzwi huku, kwa hiyo malori yanayopeleka kahawa Dar es Salaam yanarudi na mapipa.

Siku ya kwenda kuichukua Dar nilivaa kanzu mpya na koti. Nilikuwa sijapanda ndege hata mara moja, na haikunipitia akilini kwamba hilo ni jambo la kuulizia. Mtu hununua ng'ombe bila kulala naye zizini kwanza. Kapteni akawasha injini. Wallahi, ile ndege ilikuwa bado imesimama chini, haijasogea hata kidogo, lakini ilitetemeka, na mimi nikatetemeka kuliko yenyewe. Nikajikuta nimeshafungua mlango. Nilimwambia Kapteni nimekumbuka karatasi za bima. Akasema bima imekwisha kulipwa. Nikamwambia hiyo ni bima nyingine. Basi yeye akaruka, mimi nikatafuta basi la Songea.

Mbinga walikuwa wamechinja ng'ombe. Kwaya ya parokia ilikuwepo, ngoma ya mganda ilikuwepo, sheikh naye ametangulia na udi wake. Mlango ulipofunguliwa akashuka Kilian peke yake na boksi la sabuni. Mimi niliingia kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, nyama imeshaliwa.

Tangu hapo kila safari imepata sababu yake. Mama mmoja wa Mbuji alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, barabara imekatika. Nikampa kiti changu. Mtoto wamembatiza Mansuetus Masoudi, baada ya padri kubishana sana na bibi yake. Masista walikuwa na mkutano, nikawapa. Mwalimu alifiwa, nikampa. Mzee Hyasinti alipewa safari yake, akarudi na kesi: ameona kutoka juu kwamba kahawa ya jirani imevuka mpaka. Watu wakaanza kusema Masoudi ni mtu wa Mungu, ana ndege lakini anatembelea Land Rover. Siku ya Idi sheikh alinitaja msikitini kuwa mfano wa mtu anayejinyima, na mimi nimekaa mstari wa mbele natazama vidole vya miguu yangu.

Hata meneja wa benki amenipa mkono. Alisema wenye ndege wengi wanafilisika kwa kujirusha wenyewe kwa starehe, lakini kwangu kila kiti kina mtu, ndiyo maana mkopo unalipika. Akataka niende Songea nikawaeleze wafanyabiashara wenzangu siri yangu. Siri yangu! Nikamwambia ni nidhamu.

Dada, si nidhamu. Ni woga. Mdogo wako anaiogopa ndege yake mwenyewe. Haya, nimeshasema. Ukimaliza kusoma itie barua hii jikoni iungue. Rukaiya hajui, Kapteni anajua, na kwa huruma yake hajawahi kucheka mbele yangu. Na usidhani sikujaribu. Juzi niliingia nikakaa, injini imezimwa, mlango wazi, nikafunga mkanda, nikasoma Yasini mpaka mwisho. Mlinzi akaja kuniuliza kama nina malaria.

Nilikuwa nimepanga kukuomba useme umeghairi, kwamba magoti yamekataa. Watu wangekuelewa, na heshima yangu ingebaki. Kisha jana nikamkuta Saida anakunja ile khanga utakayomfunga siku ya arusi. Akaniambia ameitia karafuu, ameiweka mbali, na mikono itakayoifungua ni ya shangazi tu. Niliona haya, Dada. Niliona haya mpaka nikatoka nje nikasimama kwenye mvua. Mtoto wangu aolewe bila wewe kwa sababu baba yake anaogopa kelele za injini?

Kwa hiyo Alhamisi nakuja. Kapteni anasema kutoka hapa mpaka Liuli ni muda wa kunywa chai. Nimemkataza kunionyesha milima, na ziwa asilitaje kabisa. Ndege ikisimama, ngoma zisubiri. Njoo wewe kwanza mlangoni, na khanga, maana sijui nitashuka katika hali gani. Unakumbuka ule mtumbwi wa kwenda Mbamba Bay, nilipokuwa mdogo, ulivyonifunika uso na khanga yako ukaniimbia mpaka tukagusa mchanga? Uliwaambia watu kwamba ninaumwa macho. Hujawahi kumwambia yeyote ukweli hadi leo.

Umesema hupandi mpaka nikae kando yako nikushike mkono. Nitaushika. Ila ujue kabisa, tangu sasa, ni nani atakayekuwa amemshika mwenzake.

Usipa usizidi gunia moja. Kapteni anapima kila kitu kwenye mizani yangu ya kahawa, abiria pia, na huwa anasoma kilo kwa sauti. Zamu yako nitamwambia asome kimoyomoyo. Nisalimie shemeji na wajukuu wote, na jirani yako wa cherehani, mwambie nguo za arusi zimemkaa Saida vizuri mno. Mungu atukutanishe salama, chini hapa, juu ya udongo.

Ni mimi mdogo wako yuleyule wa mtumbwini,
Masoudi