Adui Yangu Hakumbuki

Ujiji, Jumatano. Mvua tangu alfajiri.

Leo niliamka na furaha mbaya. Ile furaha ya mtu anayejua kwamba kabla ya adhuhuri atamuumiza mwenzake, tena kwa haki. Mvua inagonga bati, mimi nachagua nguo kama naenda harusini. Nikachukua kitenge cha mama, kile cha kijani alichokuwa amevaa siku walipomchukua.

Nilitaka Mama Zuhura akione.

Jina hilo nimelibadilisha, maana Daktari Anitha akisoma hapa atanitimua kazi. Mtaa mzima utamjua hata hivyo.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuzunguka na kipaza sauti Bangwe, Ujiji, mpaka milimani Kalinzi, nikiwaeleza watu kuhusu magonjwa yanayoula ubongo taratibu. Daktari Anitha ni mtafiti, anachunguza jinsi ugonjwa wa kusahau unavyoanza kwa wazee wa huku na jinsi familia zinavyowatunza au kuwaficha. Yeye anapima, mimi naongea. Nasema kwa Kiswahili, narudia kwa Kiha: huu ni ugonjwa, si uzee tu, si mashetani, na si uchawi. Hiyo ya uchawi huwa naisema mara tatu.

Mama alianza kwa kufagia.

Alizaliwa Kalinzi, akaolewa Ujiji akiwa msichana, na miaka yote alifagia uwanja wake kabla jua halijatoka. Ugonjwa ulipomwingia hakuacha kufagia. Aliacha kujua uwanja upi ni wake. Akawa anafagia kwa Mama Zuhura, muuza mawese, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Na huku kila mtu anajua maana ya kukuta mtu anakufagilia uwanja wako alfajiri: amekuja kuchota riziki yako.

Angekuwa jirani mwema angeniita, tukacheka, tukamrudisha. Yeye na mama walikuwa wamekunywa kahawa pamoja tangu sijazaliwa. Zuhura alipozaliwa, mikono ya kwanza kumpokea ilikuwa ya mama yangu. Mama Zuhura alitoka na ndoo, akammwagia maji, akapiga yowe mpaka mtaa ukaamka. Mchawi! Mchawi!

Basi ikawa ndiyo habari ya mtaa. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni petu. Mimi wakati huo sikujua lolote kuhusu ubongo, nilijua tu kwamba mama yangu hakuwa mchawi.

Ulikuwa mwaka ule watu wanafurika kutoka Burundi kupitia Kagunga, wengine na watoto mgongoni, wengine na godoro tu. Waliopelekwa kambini wakawa wanatoroka kuja mjini kutafuta vibarua, na maofisa wakawa wanawasaka mtaa kwa mtaa. Siku walipofika kwetu, mimi nilikuwa kazini Kigoma mjini. Mama alikuwa uwanjani kwa Mama Zuhura na ufagio wake.

Kufikia hapo Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka. Ndivyo ugonjwa huu unavyofanya kwa wengi, kilichoingia mwisho hutangulia kutoka. Alibaki na Kiha cha utotoni, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, ofisa aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali hawezi kuvitenganisha. Wakamuuliza hapa ni wapi. Hakujua. Wakamuuliza ametoka wapi. Akawaambia, "Ndashaka gutaha." Nataka kurudi nyumbani. Mlango wake ulikuwa pale pale, mbele ya macho yake.

Wakamgeukia mwenye uwanja. Mama, huyu unamfahamu?

"Simjui."

Haya nilihadithiwa na waliokuwa wanachungulia madirishani. Hao nao sijawasamehe, ila wao nimewaweka foleni. Wa kwanza ni yeye.

Nilimtafuta mama wiki kadhaa. Nikamkuta kambini, kwenye hema la familia ya Kirundi isiyomjua kwa sura wala kwa jina. Walikuwa wamempa godoro lao pekee. Nilipouliza kwa nini hawakuripoti kwamba kuna bibi asiye na watu, mama wa hema lile akashangaa: "Ana watu. Si sisi hapa?"

Watu ambao kweli hawakumjua walisema ni mtu wao. Aliyemjua maisha yake yote akasema hamjui.

Alirudi na kikohozi, na hakushika ufagio tena. Alikufa mwaka jana akiwa kitandani kwake, bado anaomba arudishwe nyumbani. Na Mama Zuhura alikuja msibani! Alikaa mkekani na wenzake akala wali wa msiba, akaosha mikono, akaenda zake. Tangu mama alipochukuliwa sijampa shikamoo, na siku ile ya msiba niliapa kwamba nitamlipa.

Kisasi changu nilikipanga vizuri. Kila mkutano huwa nasimulia kisa cha mama, watu wanalia, na siku zote nasema "jirani mmoja". Nikamshawishi Daktari mkutano wa leo ufanyike mtaani kwetu. Sikumwambia kwa nini. Leo, mbele ya majirani wote, kwenye kipaza sauti, yule jirani mmoja angepata jina. Nilitaka watu wamgeukie kama walivyomgeukia mama. Nilitaka asipate wa kumnunulia hata kikombe cha mawese.

Mvua ikakatika saa nne, watu wakajaa. Wazee wa Ujiji huja kupimwa kumbukumbu wakiwa na vitambulisho mkononi, na wajukuu wamewakaririsha nyumbani: bibi, ukiulizwa sema Tanzania! Mwanzoni Daktari hakuelewa. Nilimweleza mimi kwamba maswali yake, unaitwa nani, hapa ni wapi, leo siku gani, ni yale yale waliyokuwa wakiulizwa watu kabla ya kupakiwa kwenye lori. Siku hizi tunaanza kwa kuuliza umepika nini jana. Hofu haijaisha. Kuna babu mmoja alifika leo na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, eti cha kwake kimeliwa na mchwa.

Mama Zuhura alikaa mstari wa mbele pamoja na Zuhura. Kitambulisho amekibana kifuani. Nilipokiona nikacheka moyoni. Leo na wewe unaogopa kuambiwa hujulikani.

Nikaanza kusema. Nikasimulia ufagio, ndoo ya maji, maofisa. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilipofika kwenye "simjui" nikamtazama usoni. Majirani wote wakainamisha vichwa, maana walijua kinachofuata.

Kabla sijafungua mdomo, akasimama yeye.

"Astaghafirullah! Ni nani huyo?" Machozi yanamtiririka. "Mtaje, mwanangu! Mtu wa namna hiyo Mungu amlaani. Hafai hata kuzikwa na watu!"

Zuhura alimshika upindo wa kanga akimvuta akae, na yeye anaendelea tu: mtaje, mtaje.

Ningependa kusema alikuwa anaigiza. Nilitamani sana awe anaigiza. Lakini hii ndiyo kazi yangu, na macho yangu yalikwisha ona ambayo hasira haikutaka kuyaona: viatu viwili visivyofanana, kanga aliyoifunga ndani nje, na ule mkono wa Zuhura. Ule mkono naujua. Ndivyo nilivyokuwa nikimshika mama mbele ya watu.

Nikashusha kipaza sauti.

Usinisifu, tafadhali. Sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa sababu niliyekuja kumtaja hakuwepo.

Daktari alimpima mchana. Mama Zuhura alisema "Ujiji, Tanzania" kabla hata hajaulizwa. Akapewa maneno matatu ya kukumbuka: kisu, samaki, mlango. Baada ya muda mfupi akaombwa ayarudie, akacheka kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa chakula ameshiba. "Maneno gani tena, mwanangu?"

Watu waliotoka pale walikuwa wananong'ona kwamba malipo ni hapa hapa duniani. Malipo gani? Mtu analipaje asichojua amekopa? Tangu utotoni nasikia kwamba mtenda husahau, mtendwa hasahau, na siku zote nilidhani ni maneno ya kumfariji aliyeumizwa. Leo yamenitukana. Ugonjwa ule ule uliomchukua mama umemchukua na adui yangu, na hasira yangu yote imebaki mikononi mwangu kama samaki asiye na mnunuzi.

Nilipokuwa nakunja mkeka wa mkutano, Zuhura akanifuata. Alisema pole, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kunipa pole. Halafu akaniuliza mambo ya kawaida ninayoulizwa kila siku, amzuieje asitoke nje, amlisheje anapokataa. Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote. Kisha akasema:

"Dada, kuna jingine. Kila siku anauliza mbona mama yako haji kunywa kahawa. Nikimwambia amefariki, analia kama ndiyo anaambiwa leo. Kila siku. Kwa hiyo siku hizi namwambia amesafiri. Na wewe ukiulizwa, naomba usimwambie."

Maskini Zuhura hakujua amenikabidhi nini.

Jioni nikavuka kwenda uwanjani kwao, bado nimevaa kitenge cha mama. Zuhura alikuwa ametoka kwenda dukani. Mama Zuhura alikuwa mkekani anachambua dagaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. Akashika upindo wa kitenge changu akaupapasa. "Kizuri. Mama yako anacho kama hiki hiki. Hajambo lakini? Mbona siku hizi haji?"

Nikamwambia.

Nilimwambia yote, taratibu, kwa sauti ya chini, kama ninavyofundishwa kuzungumza na wagonjwa. Kwamba mama amekufa. Kwamba aliyemwita mchawi ni wewe. Kwamba walikuuliza unamfahamu, na ukasema humjui. Nikauona uso wake unaporomoka. Akajishika kichwa, dagaa wakamwagika, akawa anasema, "Mimi? Mwamvua, mimi?" Jina langu analikumbuka. Akalia kilio ambacho nimekingoja tangu siku ile kambini.

Kilikuwa kitamu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema: kilikuwa kitamu kama nilivyodhani, hata zaidi.

Kisha akanyamaza. Akatazama dagaa waliomwagika, akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Akajifuta mashavu kwa kiganja, akakitazama kiganja kilicholowa kana kwamba anajiuliza hayo maji yametoka wapi. Akaamka, akapuliza jiko, akanimiminia kahawa. Kikombe cha kwanza akanipa mimi, cha pili akakiweka mkekani upande wa ukuta wetu, mahali mama alipokuwa akikaa.

Akanitabasamia.

"Mama yako hajambo? Mbona siku hizi haji?"

Nikainuka, nikaondoka. Kahawa sikuinywa, nimeiacha pale karibu na kile kikombe cha pili.

Sasa nimekaa kwenye kibaraza changu, jua linashuka upande wa Kongo, na upande wa pili wa ukuta namsikia Zuhura amerudi, anamuuliza mama yake nani kamliza. Mama yake anajibu kwamba hakuna mtu aliyekuja.

Kwa hiyo hata Zuhura hatajua. Naweza kurudi kesho, na keshokutwa, nikamwambia tena na akalia tena kama mara ya kwanza, na hakuna mtu atakayenishitaki. Watu wengine kisasi chao hulipwa siku moja kikaisha. Mimi nimepewa cha kila siku, na anayenikaribisha nikichukue ananimiminia na kahawa.

Mama yangu naye angeulizwa leo unamfahamu mwanamke huyu, angesema nini? Ninajua: angesema ni mtu wake. Ndiyo maana nina hasira.

Asubuhi nitapita mlangoni pake nikienda kazini, hakuna njia nyingine. Ataniitikia marahaba ambayo sijaiomba, ataniuliza mama hajambo, na nitakuwa na majibu mawili mdomoni. Usiniulize nitatema lipi.