Fizi Zinavuja, Mke Kahamia Chumba cha Watoto

Mpendwa mshauri Rahabu, naomba msaada, ila huruma weka akiba, nyumbani nimeshahurumiwa vya kutosha. Mimi mkulima hapa juu Lushoto, nilianza na jembe la kuazima, leo mboji yangu inanunuliwa hadi Mlalo, lakini mke wangu Evelina kabeba godoro kahamia kwa watoto, eti kinywa kinanuka, juzi namsalimia tu akauliza, "Baba Mika, hayo maneno yamekufa lini?" wanangu wakacheka hadi chai ikawatoka puani, chai niliyonunua mimi. Nikipiga mswaki fizi zinatoa damu, nikafikiri kiutu uzima, kidonda hakisuguliwi, nikaacha mswaki tangu mwaka jana, nikawa nabana ugoro panapouma, nikanunua na vidonge duka la dawa, harufu ikapungua kidogo ikarudi na nguvu mpya, sasa meno mawili ya mbele yanacheza, na fundi mmoja wa Mombo anasema atang'oa yote aniwekee ya bandia, nimepiga hesabu, ni nafuu kuliko moja moja. Evelina anasema nikirudi kibogoyo anakwenda kwao Gare moja kwa moja. Ning'oe aende, au nibaki na meno na harufu yake?

Baba Mika, mwenye meno kwa sasa

*

Baba Mika, pole. Sasa funga mdomo kidogo, sote tupumue.

Hongera kwa ugunduzi: fizi inavuja, basi mkosaji ni mswaki! Damu inatoka kwa sababu ukoga, ule utando wa uchafu wa meno, umejazana kwenye fizi, na ulipoacha kusugua ukauongeza. Fizi ikavimba, ikaachana na jino, pakawa na mfuko. Humo hewa haifiki, na wapo bakteria wanaostawi palepale pasipo na hewa. Hao ndio wanaonuka, na uvimbe wanaouchochea unakula mfupa ulioshika jino. Nawe muuza mboji! Rundo lisilogeuzwa linanukaje? Wateja unawafundisha kuligeuza, lako umelifungia mdomoni ukalifunika na ugoro. Vidonge viliwapunguza, lakini ukoga haukukwanguliwa, wakazaana upya.

Huyo fundi usimpe hata jino moja. Nenda hospitali kwa daktari wa meno, akukwangue hadi chini ya fizi, aangalie kama hayo mawili yanaokoleka, sikuahidi. Pima na sukari, maana kisukari nacho huharibu fizi. Ugoro acha. Mswaki laini asubuhi na usiku; damu itatoka mwanzoni, usikimbie.

Na Evelina? Mwanamke anayetaka kuondoka haanzi na chumba cha pili. Mwombe radhi, mwombe akusindikize hospitali. Nauli lipa wewe, na kwenye gari kaa dirishani, ulifungue.