Tulivyong'oa Mathenge

Jumamosi, 15 Machi 2025

Mgongo umekufa, lakini kutulia siwezi. Leo tumefunga biashara zote za upande wetu wa laga, huu mto wa mchanga unaojaa mvua ikinyesha tu, hapa Kakuma, tukaingia na mapanga kwenye mathenge, hii miti ya miiba ya ukingoni. Mwiba umetoboa kandambili yangu mara tatu! Wiki mbili nimewasumbua majirani — kichaka kile kinaficha takataka, kinaficha wezi, jioni ikianza tu wateja wanatoroka. Nadhani wamekubali ili ninyamaze.

Gitau wa hardware ameleta pikapu na mnyororo. Nikawaambia kukata hakutoshi, mathenge ukiikata inachipuka kwa hasira. Tung'oe na visiki! Apua, yule mama wa makaa, akapinga: "Kata juu, wacha mizizi. Hii mchanga itashikwa na nini?" Nikamjibu mbele ya watu kwamba anataka miti iote tena apate makaa ya bure. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Visiki kumi na tisa. Nimevihesabu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mahubiri sikuyasikia hata kidogo. Kichwani nilikuwa napanga — taa hapa, benchi pale, pipa la taka kule. Jioni watu wametembea kando ya laga na soda zao, mahali peupe kabisa! Achol, jirani yangu wa chai na kisra, ule mkate mwembamba kama chapati, ameuza mpaka maziwa yakaisha. Ananiita Mama Mashine kwa sababu ya kinu changu cha posho. Leo amenikumbatia. Nimefurahi sana, niseme ukweli.

Alhamisi, 27 Machi

Kipande cha ukingo kimeanguka. Si kikubwa, upana wa mlango tu. Lakini ni nyuma ya kibanda cha Achol, palepale tulipong'oa visiki. Na laga ni kavu! Hakuna tone la mvua, mchanga umejiangukia wenyewe. Nimetazama asubuhi, nikatazama saa sita, nikamwacha mteja na debe lake la mahindi nikaenda kutazama tena.

Gitau anasema ni upepo. Hata yeye haamini.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimefanya ujinga. Achol anataka kujenga jiko kubwa la kuoka mikate, nyuma ya kibanda. Matofali amefyatua mwenyewe tangu Januari, moja moja, baada ya kufunga chai. Akaja kuniuliza: "Mama Mashine, hapa iko sawa? Wewe ndio unajua hii laga. Mimi nimekuja tu."

Mdomo ukajibu wenyewe — pako sawa, jenga!

Kwa nini? Kwa sababu Apua alikuwa amesimama pale na gunia lake, anasikiliza. Ningekubali kosa mbele yake? Akanitazama, akajitwisha gunia, akaenda zake.

Kesho nitamwambia Achol.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijamwambia. Jiko limefika kiunoni.

Nimeomba wenzangu tujaze magunia mchanga tuyapange ukingoni. Wengi wamechoka na mimi na mipango yangu. Amekuja Gitau. Na Apua, ambaye sikumwita. Tumefanya kazi bega kwa bega hadi saa tano, nimeshindwa kumtazama usoni. Achol akatuletea chai. Akatushukuru!

Jumatano, 16 Aprili

Mikate ya kwanza imetoka asubuhi. Nzuri, inanukia mtaa mzima. Nimekula mmoja nikiangalia ukingo.

Saa nane jua kali hapa, lakini milima ya upande wa Uganda ni nyeusi kwa mvua. Lokiru wa bodaboda akapita akipiga honi: "Laga inakuja! Toeni vitu!" Nikakimbia kwa Achol. Vikombe, sufuria, unga, vyote tukavihamishia kwangu. Safari ya mwisho tumeshika benchi, mimi huku, yeye kule, maji yakafika nyuma yetu. Hapo ndipo nikasema. Nilijua tangu Machi ukingo unaanguka, nilikudanganya kwa aibu yangu tu! Nimepiga kelele mpaka koo likauma. Achol alikuwa anatazama miguu yake asijikwae.

Sasa tuko ndani kwangu, kwenye chumba cha kinu. Jiko bado limesimama, kona moja haina kitu chini yake. Gitau na Apua wako nje na magunia. Na mimi ningepaswa kuwa nje.

Achol amejifuta mikono. "Kule ulisema nini? Maji ilikuwa na kelele, sikusikia."

Nimemwambia ngoja kidogo, naandika kitu. Akasema sawa. Ameketi kwenye benchi lake, karibu na goti langu, anangoja nimalize.