Yai la Dude

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Kabula kakanyaga nyanya tatu sasa hivi. Makusudi. Kapanda kwenye ungo, kainua mikono, kanguruma. Miaka miwili na nusu, sauti kama fisi. Ndiyo faida ya kumpeleka jana kwenye banda la video kuona filamu mpya ya dude. Nilitaka kumgombeza, nikacheka.

Dada Pili, mtangazaji wa redio ya hapa mjini, kapenda ile sauti niliyomtumia nikisimulia filamu. Kasema niende Ijumaa, nilichambue hili dude jipya hewani. Nikifanya vizuri, dakika kumi za kila Ijumaa ni zangu. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Naitaka sana nafasi hiyo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika uchambuzi maharage yakiwa jikoni. Yameungua kidogo.

Dude jipya ni zuri, jamani. Magamba yanang'aa, maji yanachuruzika, likipiga mkia ghorofa zinalala kama mahindi. Mlio wake ulitikisa benchi. Lakini moyo hakuna. Lile la filamu ya zamani, tulilolitazama kijijini kwetu Igalula nikiwa mdogo, lilikuwa mama. Watu waliiba yai lake wakalipeleka mjini, akaja kulitafuta. Kila aliponguruma alikuwa anaita: mwanangu yuko wapi? Nililia hadi kamasi. Hili jipya linavunja tu. Halimtafuti mtu. Walivyolitoa yai, wametoa kila kitu.

Ndivyo nitakavyosema.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeaibika.

Nilisema yote niliyoandika. Halafu mwalimu mmoja akapiga simu. "Dada, ile ya zamani nimeiona mara sita. Hakuna yai. Hakuna mama. Umeyatoa wapi hayo?" Dada Pili akaweka muziki.

Nimerudi nyumbani Itetemia kwa miguu, kanga usoni. Nafasi imekwenda.

Jumamosi, 8 Juni

Baba Kabula kaitafuta filamu ya zamani kwenye simu, ile isiyotiwa Kiswahili. Tumeitazama asubuhi. Kweli, hakuna yai. Dude linanguruma, linanguruma, hakuna anayesema neno. Nilijisikia kama nimeambiwa mama yangu si mama yangu.

Baba Kabula kauliza, sasa nani alikuwa anaita mwanangu?

Nikajua. Mjomba Kaseti. Ndiye aliyekuwa na banda la video pale Igalula, anakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anatutafsiria. Tulimwamini kama mchungaji.

Nimempigia mama, akampelekea simu. Shikamoo mjomba. Marahaba, mama. Yai ulilitoa wapi?

Kacheka mpaka kakohoa. "Mwanangu, dude linanguruma tu, si watu watatoka! Nikageuka kuwaangalia. Mama zenu wote, watoto mgongoni. Nikawatilia yai."

Sijui nimkasirikie au nimshukuru. Nimembeba Kabula mchana kutwa.

Jumatano, 12 Juni

Dada Pili kapiga. Tangu Ijumaa simu hazikomi. Kigwa, Igalula, hadi Urambo, watu wanaapa kwamba yai wanalijua. Kumbe Mjomba alizunguka na banda lake kote huko. Dada Pili anataka nirudi, Mjomba naye aunganishwe kwa simu.

Naogopa. Nitakwenda.

Ijumaa, 14 Juni

Nilianza kwa kukiri. Nilikosea, yai halimo kwenye filamu. Limo kwenye Kiswahili tulichotiliwa, na bila hilo yai mimi nisingelipenda dude lolote maishani. Basi.

Mjomba akanguruma upya, hewani, na yai lake. Yule mwalimu naye akapiga. Kumbe Mzaramo, mtani wetu! Mjomba kamrukia: "Wewe Mzaramo! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani kwenu, mimi nishindwe kubeba yai moja mpaka Igalula?"

"Lilete basi, mtani, tulikaange!"

Dada Pili alicheka mpaka machozi. Mlangoni kaniambia: Ijumaa ijayo usichelewe.

Usichelewe! Nimekimbia nusu ya njia.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka kanisani. Nyumba kimya. Baba Kabula kalala mkekani.

Kabula hangurumi tena. Kafunga kiazi mgongoni kwa kitambaa, anazunguka nacho uani, anakiimbia. Kila akipita mlangoni ananionyesha.

Nimekumbuka kitu. Kwenye filamu ya Mjomba dude halikulipata yai. Lilirudi majini peke yake. Nikimwona nitamwambia abadilishe, hata sasa. Dude lifike mpaka sokoni, watu wote wakimbie, lisivunje kitu, liiname taratibu katikati ya matenga, na pale chini, chini kabisa, lione yai lake lime... ngoja, Kabula ananiita, eti mwanawe analia.