Nyuki Wamehama, Kosa Langu

Bi Anifa, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa huku Ipole, nimeolewa kutoka Bukene, sina ndugu wa kumwambia haya ndiyo maana naileta kwako redioni. Mume wangu Masolwa ni mrina asali, na kwao wanaamini mke akitoka nje ya ndoa mume akiwa porini, nyuki huhama mizinga. Msimu huu karudi na ndoo tupu, hakuniuliza kitu, akahamia kula kwa mama yake, mimi nasonga ugali wa watu wawili naula peke yangu, na Mungu ananiona, sijamjua mwanamume mwingine. Nikasema mbona msimu uliopita asali ilijaa, mama mkwe akadakia, "Msimu ule uliwafunga nyuki kwa dawa wasihame." Nikilia wanasema hatia, nikinyamaza wanasema kiburi, hata majirani hawaji tena kuomba moto. Lakini najua Masolwa ananipenda, zamani alinitania kwa sababu ananipenda na sasa ananisusa kwa sababu ananipenda, anaumia tu. Nifanyeje?
Benedikta

Marahaba, Benedikta. Pole sana, mwanangu. Upweke wa kususiwa chakula na mume aliye hai unauma, usikubali mtu akwambie ni jambo dogo.

Sasa sikiliza. Nyuki wakihama, umezini. Wakikaa, umewafunga kwa dawa. Huo ni mtego. Neno la kupimika hukubali kushindwa: anayelisema hutaja mapema kitu ambacho akikiona atasema, "Nilikosea." Wangeshikilia kwamba nyuki huhama kwa uzinzi tu, tungeitazama mizinga ya warina wenzake wa kambi ileile ya porini. Ikiwa nayo ni mitupu, ama wake zao wote wamezini, ama tutafute siafu na ukame. Mkweo kaliona hilo, ndiyo maana kaongeza dawa.

Lakini na wewe nakugombeza. Akikutania anakupenda, akikususa anakupenda! Afanye nini ndipo useme hakupendi? Wewe na mkweo mmefundwa na kungwi mmoja.

Usiape, usiende kwa mganga. Mfuate mchana kwa mama yake, balozi wa nyumba kumi akiwepo, umwulize: "Mume wangu, ukiona nini utaamini sina kosa?" Akitaja kitu, hata kiwe kigumu, nendeni mkakitazame pamoja. Akisema hakuna, usibishane tena habari za nyuki, maana atakuwa amekujibu na lile la mapenzi. Siku hiyo songa ugali wa mtu mmoja, ule ushibe, kisha urudi kwenu Bukene.